Simu za Mbao

Ukitaka kujua mtu ana nini rohoni, mwondolee simu mkononi kisha mtazame kidole gumba. Neno hilo si langu, ni la Hariri, na Hariri pamoja na mabaya yake yote alikuwa mtu wa kutazama.

Siku aliyoligundua alikuwa kwenye benchi la fundi simu, anasubiri kuuza simu ambayo hata yeye hakuwa na hakika ni ya nani. Wateja wenzake walikuwa wamekwisha kumkabidhi fundi simu zao, na sasa wamekaa mikono mitupu, hawajui pa kuweka macho. Mwanamke mmoja alisoma kibao cha "Hatukopeshi" toka mwanzo hadi mwisho, akashusha pumzi, akakirudia. Kando ya Hariri alikaa mhasibu mmoja mnene, shati limembana tumboni, ameshika kasha la miwani. Kidole gumba chake kilikuwa kinalipapasa kasha lile kwenda juu, kwenda juu, kama anayesukuma habari zipite. Kisha kikatua. Kikagonga chini katikati, kikagonga kushoto, kikavuka kulia, kikarudi kushoto. Kikapumzika. Kikapapasa tena, na baada ya kitambo kikagonga palepale, kwa mpangilio uleule.

Hariri akahesabu: kidole kinagonga mara nne, kila safari palepale. "Lahaula," akajisemea, "huyu bwana ananitajia namba yake ya siri ya pesa, na mwenyewe hana habari!"

Akamsogelea. "Ndugu yangu, kasha hilo limekukosea nini?"

Mhasibu akacheka kwa aibu. "We acha tu, kaka. Simu hii itanimaliza. Naamka nayo, nalala nayo, chooni naingia nayo. Mke wangu anasema nikifa atanizika nayo ili nisimsumbue."

"Na ukipata kitu cha kushika badala yake? Kitu cha kukituliza hiki kidole?"

"Mtu huyo nitampa chochote."

Chochote! Tapeli akisikia neno hilo hupata njaa papo hapo.

Inafaa nikueleze mapema, usije ukampenda mtu bila kumjua. Jina alilopewa na wazazi wake Hariri alilitumia mara ya mwisho alipokuwa hana kosa, yaani zamani sana. Mjini walimwita Hariri kwa ajili ya maneno yake laini, ambayo ukishayavaa huhisi kama umevaa kitu. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa mabwana watatu, na kiwanja chenyewe kilikuwa mtaro wa maji machafu. Aliwahi kuwa daktari wa majokofu. Aliwahi kukusanya ada za shule isiyo na paa wala mlango wala mwanafunzi. Kila kazi ilimpa shibe na ikamfungia mtaa mmoja, mpaka ikafika hatua mji mzima ukawa umemwishia. Kulikuwa na barabara ambazo hakuweza kuzipita ila amelala kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

Mtaa uliobaki ulikuwa mmoja tu, wa dada yake. Dada mtu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na pasi ya moto. Alimpa godoro nyuma ya duka, kati ya marobota ya vitambaa, na siku ile ya kumpokea alimwambia huku pini zimebanwa midomoni:

"Utakaa hapa kwa sababu mama alizaa wawili tu, na wa pili ndiye wewe, hakuna jinsi. Lakini nisikilize, mdogo wangu. Kwingine kote umeshachoma. Watu wa mtaa huu ndio wanaonilisha. Siku mteja wangu mmoja akiingia hapa analia kwa ajili yako, basi. Sitakutukana wala sitakuitia polisi. Nitakusahau tu."

"Dada, mimi nimebadilika."

"Hata nyoka hujivua gamba."

Hariri alikuwa amekwisha kutukanwa na mafundi wa kutukana. Amepigwa, amemwagiwa maji, amekimbizwa na mbwa wa watu wa dini. Hakuna kilichomwogopesha kama neno lile la kusahauliwa, maana huyu dada ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado anamwekea chakula na kukifunika. Akaapa moyoni hatagusa mteja wake hata mmoja. Atafanya kazi moja kubwa, ya mwisho, kwa watu wa mbali, kisha atahama mji kabla habari hazijafika dukani.

Lakini ujanja ni kama moto, ukishauwasha hauulizi nyumba ya nani.

Alianza kwa seremala wa makabati, akamwomba vipande vya mbao anavyotupa. Akavikata saizi ya simu, akavipiga msasa, akavipaka mafuta vikang'aa. Kwa msumari wa moto akachoma vidoa vidogo juu ya kila kipande, safu kwa safu, kama zilivyopangwa namba kwenye kioo cha simu. Mhasibu alipouliza vidoa ni vya nini, Hariri alimjibu kwa upole, "Ni ili kidole kisijisikie mpweke."

Mhasibu alitokwa na machozi. Aliinunua, akamletea na wenzake wa ofisini.

Basi Hariri akakodi ukumbi wa shule ya chekechea kila Jumamosi, akaanzisha darasa la kuacha simu. Hebu ona watu wazima wenye magari wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, ukutani nyuma yao picha ya bata na picha ya embe. Mbele yao Hariri, amefuga ndevu asitambulike, amevaa joho jeupe lililoshonwa na dada yake. Alimwagiza alishone bila mfuko hata mmoja. "Nataka waone sina pa kuficha simu," alimwambia, na dada akamtazama kwa muda, akasema ni mara ya kwanza kumsikia mdogo wake akikataa mfuko.

"Ndugu zangu," Hariri alianza, sauti imeshuka kama ya mtu anayeongea na mgonjwa, "zamani mtu alikuwa na simu. Siku hizi simu ina mtu. Ikilia unaitika, ikinyamaza unaikagua. Mkeo akilia, je, unaitika?"

"Hapana!" wakajibu kwa uchungu.

"Basi leo tutakiacha kidole kilie. Shikeni mbao zenu. Fumbeni macho, macho yote, usimchungulie mwenzio, haya ni mambo ya ndani. Kiacheni kidole kiende kilikozoea. Kipapase. Kigonge. Kile mnachokigonga mara nyingi kuliko vyote, ndicho kinachowafunga. Kigongeni tena na tena mpaka kichoke."

Zoezi hilo aliliita Kilio cha Kidole. Wao wakiwa wamefumba, yeye alipita katikati yao kwa nyayo laini, macho wazi, anasoma vidole. Hakuandika kitu. Kichwa chake kilikuwa kabati: huyu namba zake hizi, yule zile. Mwisho wa darasa watu walitoka wepesi, wanasema wamejisikia kama wametua mzigo, na kweli walikuwa wametua, ila hawakujua wamemtulia nani.

Mpango wake ulikuwa huu. Akishapata namba za siri za wote, ataitisha Siku ya Kimya, watu waweke simu zao halisi kikapuni, wafungwe vitambaa machoni, na yeye ahamishe pesa zao zote kwenda kwenye simu yake, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Kisha kwaheri ya kutoonana.

Kilichomshinda ni umaarufu. Mke wa daktari wa meno alikuja darasani akanunua simu ya mbao, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Hii ni toleo la lini?" Hariri hakuwa amefikiria mambo ya matoleo, lakini mtu akikuletea kamba mwenyewe, mfunge. Juma lililofuata seremala alitoboa matundu matatu nyuma, mahali pa kamera. Wenye mbao za zamani wakaanza kuzificha mifukoni kwa aibu. Likaja toleo jembamba zaidi, likavunjika mtu alipolikalia, naye akadai dhamana. Likaja la mbao nyeusi, la wakubwa. Mtu mmoja mjini akaanza kushona mikoba ya kuzivalisha. Mhasibu alifumaniwa na mkewe ameilaza ya kwake kando ya kitanda, waya wa chaji umeegeshwa juu yake, akasema ni mazoea tu. Na wote, kila Jumamosi, wakitoka nje ya ukumbi walichomoa simu zao halisi wakajipiga picha wameshika za mbao, wakazirusha mtandaoni zikiwa na maneno "Nimepona." Kisha wakakaa wanahesabu waliopenda.

Na wateja wa dada nao wakaja. Hariri aliwaona wakiingia mmoja mmoja, mabibi wa magauni ya maua. Angewafukuzaje? Walikuja na pesa mkononi na majirani nyuma. Akajiambia nitawaruka, hao sitawasoma. Lakini jicho likishazoea kusoma halisubiri ruhusa.

Katika siku hizo akatokea Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila alikuwa na kifua cha kupakata mtaa mzima na kilemba cha kuheshimiwa, na alipoanza kulia darasani hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo.

"Mwanangu Mwalimu," alisema akijifuta macho, "mume wangu aliniaga mara tatu. Mara tatu! Mimi naangalia video ya paka anayepiga kinanda. Nilipoinua uso, kabati tupu, mume hayupo, na paka bado anapiga."

Ukumbi mzima uliguna kwa huruma. Kuanzia hapo Shangazi akawa mwanafunzi wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alipanga viti, alifuta vumbi, alikemea wachelewaji. Hariri alimpa ufunguo wa stoo ya shule auvae shingoni kwa utepe, maana kila mlaghai mwenye akili huhitaji mjinga mmoja mwaminifu, na Hariri aliona amepata wa kiwango cha juu.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Kwenye Kilio cha Kidole, watu hawakuwa wakifumba macho wala kuanza mpaka Mwalimu mwenyewe aanze, kwa hiyo naye alishika kipande chake, akakiacha kidole kicheze ili wamwige, huku macho yake yakizurura kwenye vidole vya wenzake. Kidole chake mwenyewe hakukiangalia. Nani hukiangalia kidole chake mwenyewe? Basi mara mbili tatu alipogeuka ghafla alimkuta Shangazi amefumba jicho moja tu. La pili lilikuwa wazi, limemtulia mkononi, lina maji maji ya mapenzi.

"Maskini mama wa watu," Hariri akawaza, akijiweka sawa kola. "Ananipenda. Nitamvunja moyo."

Ikafika Siku ya Kimya. Watu walijaa hadi viti vikaisha, wengine wakaketi juu ya meza za watoto. Dada mtu alikuwa ameshona vitambaa vya macho kutokana na vipande vilivyobaki dukani, kila mmoja rangi yake, akavituma bila kudai kitu. Shangazi alipitisha kikapu, simu zikaanguka ndani moja baada ya nyingine, na kila mwenye kuiachia aliiangalia mara ya mwisho kama anamwacha mtoto bweni. Hariri naye, mbele ya watu wote, akaweka ya kwake. Wakapiga makofi.

Wakati Shangazi anafunika kikapu, mlango ukafunguliwa. Akaingia dada yake.

"Dada?" Hariri alimfuata haraka mlangoni, ameshusha sauti. "Wewe huna tatizo la simu. Rudi dukani."

"Sina," alisema, anafungua leso. Ndani ya leso mlikuwa na simu yake, imefungwa kwa mpira kwa sababu mfuniko wa nyuma haukai. "Nimekuja kwa ajili yako. Wateja wangu wanakusifu mpaka naona haya kwamba mimi peke yangu ndiye sikukuamini. Nimefunga duka."

"Umefunga duka? Leo Jumamosi?"

"Ndiyo. Nipishe nikae."

Hakuwa amefunga duka hilo Jumamosi tangu walipomzika mama. Aliitia simu kikapuni, akapewa kitambaa cha kijani, akajifunga macho mwenyewe, akatulia kwenye kiti kidogo, mikono mapajani. Hariri alimtazama mpaka Shangazi akamgusa kiwiko.

Watu walipotulia, akamwomba Shangazi amfungulie stoo akaziombee zile simu zipate usingizi. Shangazi akafungua, akamfungia mlango taratibu.

Ndani kulikuwa na magodoro madogo, mipira, ngoma ya watoto iliyopasuka, na mlango wa nyuma wa kutokea kwenye bembea. Hariri alikaa juu ya godoro, akatoa simu yake kikapuni, akaanza kazi. Ya mhasibu ikafunguka kama bahasha isiyogundishwa. Ya mke wa daktari wa meno ikamchelewesha kidogo, kwa sababu alikuwa na pesa kwenye mitandao miwili. Alihamisha, akafuta ujumbe, akaiweka kando, akashika nyingine. Alipofika kwa mabibi wa magauni ya maua alikunja uso, akanung'unika, "Nisameheni, jamani," akahamisha vilevile.

Kisha akashika ile yenye mpira.

Namba yake aliijua bila kusoma kidole cha mtu. Ilikuwa ileile tangu mama alipolazwa hospitali, walipokuwa wanatumia simu moja wote wawili, wakipokezana kukaa kando ya kitanda. Akaifungua. Mle ndani mlikuwa na akiba ya cherehani ya kudarizi, ile ambayo dada alikuwa akiizungumzia kila mwaka kama mtu anavyozungumzia safari. Miaka ya vifungo na pindo za suruali za watu. Hariri alikaa nayo muda mrefu. Kidole kilisogea, kikarudi, kikasogea.

"Ah!" akasema kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya kumkasirikia nani. Akaifunga mpira wake vizuri, akairudisha kikapuni ikiwa nzima. Halafu akajisikia mwema kupita kiasi, maana hakuna anayejisifu kwa wema kama asiyeuzoea.

Hapo mlango ukagongwa. Shangazi akaingiza kilemba. "Mwalimu, mhasibu ameanza kulia kwa sauti. Anasema anaisikia simu yake ikimwita. Wenzake wameshaanza kuvua vitambaa. Njoo uwatulize, la sivyo wote watakuja huku."

Hariri alijitazama. Simu yake mkononi, imejaa mali ya ukumbi mzima pamoja na akiba yake ya miaka yote ya dhambi. Joho halina mfuko. Kutoka mbele ya watu waliovua vitambaa, Mwalimu wa kuacha simu, simu mkononi? Haiwezekani. Akaichomeka chini kabisa ya kikapu, akatoka, akafunga mlango, akachomoa ufunguo na utepe wake, akataka kuuficha ngumini.

"Niuvae mimi, Mwalimu," Shangazi alinong'ona. "Asubuhi waliuona shingoni kwangu. Wakiuona kwako watauliza."

Akili kubwa, Hariri akawaza, huyu mama ningempata mapema tungefika mbali. Akamvisha utepe kwa mikono yake mwenyewe.

Kumtuliza mhasibu kulichukua muda. Alikuwa amepiga magoti, anasema mfuko wake wa suruali unatetemeka. Ikabidi wote warudie Kilio cha Kidole mpaka pumzi zikashuka na vitambaa vikarudi machoni. Hariri akanyata kurudi stoo.

Ufunguo ulikuwa mlangoni, unaning'inia kwa utepe. Shangazi hayupo. Mlango wa nyuma uko wazi, na bembea moja inacheza polepole kama iliyopigwa kumbo na mtu mnene mwenye haraka. Juu ya kikapu, katikati kabisa, simu yake imelazwa kwa adabu.

Aliifungua. Ujumbe ulimwambia kwa lugha ya heshima kwamba muamala wake umekamilika na salio lake ni sifuri, na kwamba anashukuriwa kwa kutumia huduma hii.

Hariri aliketi juu ya ile ngoma, ikamalizika kupasuka. Akalikumbuka lile jicho moja lililokuwa wazi, limemtulia mkononi. Alikuwa akifundisha watu kila Jumamosi jinsi ya kumwonyesha mwizi namba ya siri, na mwanafunzi mmoja akawa amefaulu. "Mshenzi yule!" akasema kwa uchungu wa kweli. "Pesa za watu! Hana hata huruma!" Ndipo alipoelewa kwa nini wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ukumbini walianza kunyanyuka, muda wa kimya umekwisha. Hariri akatoka kwa mlango wa nyuma, amekusanya joho mikononi kama bibi harusi anayevuka tope. Geti la shule lilikuwa wazi. Hana nauli, hana nguo nyingine, lakini miguu anayo. Akafika kwenye bembea, akasikia yowe la kwanza.

"Pesa zangu!"

"Na zangu! Jamani, na zangu!"

Stoo ikajaa kelele. Alipaswa kukimbia. Badala yake akasimama nyuma ya ukuta, kwa sababu sauti ya mhasibu ilikuwa imetulia ghafla, na mhasibu akitulia anahesabu.

"Mama fundi, wewe umeibiwa kiasi gani?"

"Sijaibiwa," akajibu dada yake.

"Hata kidogo?"

"Zipo zote."

Hariri akasikia viatu vikisogea, watu wanamzunguka dada yake.

"Ukumbi mzima tumesafishwa," akasema mke wa daktari wa meno, "ya kwako imeachwa? Na vitambaa vya kutufunga macho alishona nani?"

"Mimi."

"Na umekuja mwisho kabisa. Hujawahi kuhudhuria hata siku moja, leo umekuja."

"Na mimi nguo zangu zote nashonesha kwako!" akalia bibi mmoja. "Miaka yote hii!"

Huyo sasa ndiye mteja analia. Hariri alingoja dada ajitetee. Alikuwa na ulimi, mbona hautumii? Aseme basi kwamba ana mdogo wake mwizi, mji mzima utamtolea ushahidi! Lakini alichosikia ni sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kuelewa kila kitu na hataki kuamini alichoelewa.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Geti lilikuwa wazi. Hariri alilitazama, akalitukana, akarudi ndani.

"Ni mimi," akasema.

Wote wakageuka. Joho limechafuka pindo, uso umemshuka.

"Nimewaibia mimi. Huyu hahusiki, hajui kitu. Mimi ndiye niliyesoma namba zenu mkiwa mmefumba macho. Nikahamisha pesa zenu, kisha Shangazi akaniibia mimi nilichowaibia ninyi. Dada yangu nilimwacha kwa sababu... nilimwacha tu."

Katika maisha yake hakuwa amewahi kusema maneno mengi kiasi hicho bila kutia uongo hata mmoja.

Mke wa daktari wa meno akaweka mkono kifuani. "Mnamsikia? Anajitwika!"

"Anambebea Shangazi dhambi yake," akasema mhasibu. "Na huku ameibiwa kama sisi. Mwalimu, sisi hatustahili!"

"Sijitwiki chochote! Mimi ni tapeli! Nimeuza mtaro wa maji machafu mara tatu!"

"Unyenyekevu huo sijawahi kuuona," akanong'ona bibi wa magauni ya maua.

Hariri akachanganyikiwa. Akamkamata mhasibu mabega. "Sikiliza, we bwana! Namba yako ya siri ni nane, nne, sita, nne. Nimeijuaje kama si mwizi?"

Mhasibu akatoa macho. Akarudi nyuma hatua moja, akamshika jirani yake mkono. "Amefunuliwa," akasema. "Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Mwalimu amefunuliwa!"

"Na yangu!" wakasema wengine, wanasogea. "Mwalimu, na yangu je?"

Hakuna tapeli aliyewahi kushindwa namna ile. Alizitaja zote, akitumaini angalau mmoja atampiga kofi, na kila aliyetajiwa aliziba mdomo kwa mshangao. Mwishowe wakakubaliana kwamba Shangazi ni mchawi, Mwalimu ni mtu wa Mungu, na mama fundi aombwe radhi. Wakamwomba. Wakampigia polisi habari za Shangazi. Na kwa kuwa simu zilikuwa zimekwisha kurudi mikononi, kila mmoja akaanza kumpigia ndugu yake, kumwandikia rafiki, kujipiga picha akiwa analia. Kitambo kidogo tu stoo nzima ilikuwa imeinamisha vichwa, vidole vinakimbia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Walioinua uso walikuwa wawili. Dada akamsogelea.

"Hawakukuamini," akasema.

"Umeona mwenyewe. Nimesema kweli mara moja tu maishani, na ona!"

"Mimi nimekuamini."

Hariri aliinama, akajifanya anafuta tope kwenye pindo la joho. Alitaka kulia, akaona haya.

"Utarudi dukani," dada aliendelea. "Nitakufundisha kushona. Tutawarudishia mmoja mmoja, mpaka wa mwisho."

"Lakini dada, hawa hawanidai. Wanasema mimi ni mtu wa Mungu!"

"Mimi najua unadaiwa," akasema, akamwelekeza kwenye vile viti vidogo avipange kabla hawajaondoka.